Ozella na Mlango wa Mbele

Asubuhi ile Ozella alikuwa anafagia uwanja.

Nilitoka na kahawa yangu nikaishia ngazi ya mwisho, maana hatua moja zaidi ingekuwa kesi. Alikuwa ameanzia uzioni, anarudi kinyumenyume kuelekea nyumbani, ufagio wa fito mkononi, kila akipiga anafuta unyayo wake mwenyewe. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Uwanja ukishafagiwa hivyo hauna alama ya mtu yeyote. Una mistari tu, kama nywele zilizochanwa zikiwa mbichi.

"Hosie, usithubutu."

"Sijafanya kitu."

"Naiona hiyo ndala inavyochungulia."

"Naenda kwenye sanduku la barua tu, mama."

"Barua haina miguu. Pita pembeni, kwenye matofali, kama mtu aliyelelewa."

Barabara nzima sisi peke yetu ndio hatukuwa na nyasi. Mkwe wetu aliwahi kutuletea mfuko wa mbegu za nyasi. Ozella alimshukuru sana, akawamwagia kuku.

Alipomaliza akausimamisha ufagio ukutani, fito juu, akaja kuketi karibu nami. Kahawa mimi nainywea kwenye kisosi. Hakuwahi kukipenda kitu hicho, na hakuwahi kuacha kukisema. Siku ile pia alikisema. Akachukua nusu ya mkate wangu wa jamu ya peasi bila kuomba. Akasema Ijumaa Kuu inakaribia, nitoe mbegu za maharage, zipandwe siku hiyohiyo, si Jumamosi kama mwaka jana.

Nikasema sawa.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu. Mchana alianguka akikunja shuka. Hakusema tena neno, na kabla ya Ijumaa Kuu tulikuwa tumemzika. Maharage sikupanda.

Uwanja sasa umeota majani. Mimi bado napita pembeni, kwenye matofali.

Kanisani walimsema vizuri. Mchungaji, ambaye ni mgeni kwetu, alisema Ozella Tatum alikuwa mama mnyenyekevu. Nikageuka kumtazama shemasi Lemuel, jirani yetu wa siku zote. Alikuwa ameinamia viatu vyake, mabega yanamtikisika. Ozella alikuwa mengi. Hilo halikuwamo. Ndiyo maana nimeona niandike haya mwenyewe, kwa maneno niliyo nayo.

Alizaliwa hapahapa Cedar Fork, Mississippi, nyuma ya kiwanda cha mbao. Baba yake, Ezra Lyle, alikuwa mpasua mbao. Mama yake alifua nguo za wazungu. Ozella mwenyewe alipika kwenye jiko la shule ya kaunti mpaka alipostaafu. Mikate yake midogo ya chachu kila mtu wa hapa aliila, mweusi kwa mweupe. Kwa hiyo kwake hapakuwa na mkubwa. Mwanasheria, sherifu, diwani, wote aliwajua kwa tabia zao za mezani. Diwani anahutubia redioni kwa sauti nzito, yeye anacheka peke yake jikoni.

"Nini tena?"

"Yule alikuwa anaficha karoti soksini, Hosie. Siwezi kumsikiliza. Naziona soksi."

Mimi nilikuwa dereva wa lori la magogo. Kila Januari tulikwenda pamoja msituni kukata fito za ufagio. Mimi nakata, yeye anakataa. Huu mnene, huu umepinda, huu una hasira. Sikuwahi kujua ufito wenye hasira ukoje. Halafu anazifunga kwa soksi zake ndefu kuukuu, anavuta fundo kwa meno. Alifanya hivyo hata meno yalipokuwa ya kuvaa.

Siku tuliyokwenda mahakamani kuchukua kibali cha ndoa nilikuwa na viatu vipya. Mahakama yetu ndiyo kila kitu: ndoa, kodi, kura, namba za gari. Nikashika njia ya mbele, ile pana ya katikati. Akanivuta mkono wa koti.

"Huko sipiti."

"Mlango si ule pale?"

"Kuna mwingine ubavuni."

"Ozella, leo tunachukua kibali cha ndoa. Twende mbele kama watu."

"Kama unamtaka yule askari, nenda ukamwoe yeye."

Askari mwenyewe alikuwa wa jiwe. Alisimama juu ya nguzo katikati ya njia, mbele kabisa ya mlango, bunduki mikononi, akitazama kaskazini. Ni wa wale wa upande wa Kusini katika vita vya Kaskazini na Kusini, waliopigana ili babu zetu waendelee kuwa mali ya watu. Huwezi kuingia kwa mlango wa mbele bila kupita chini ya kidevu chake. Basi tukazunguka ubavuni, penye mapipa ya taka, na viatu vyangu vipya.

Tulipokuwa njiani kurudi ndipo aliponieleza.

Alikuwa na miaka tisa. Baba yake alivaa shati la Jumapili akaenda kuandikisha jina ili apige kura. Karani alimwambia ofisi imejaa, akangoje nje chini ya askari, ataitwa. Na kofia avue, maana pale watu hawasimami na kofia. Ilikuwa Agosti. Ezra akavua kofia akasimama. Mchana Ozella akatumwa kumpelekea maji. Alimkuta shati limemgandia mwilini. Kwenye mabenchi wazee wa kizungu walikuwa wanakula karanga.

"Ezra," mmoja akasema, "muulize askari kama jina lako limefika."

Wenzake wakacheka. Ezra hakujibu.

"Nimekwambia muulize." Safari hii hakucheka mtu.

Basi Ezra Lyle, mtu mzima, mzee wa kanisa, akainua uso akaliuliza lile jiwe kama jina lake limefika. Mbele ya mtoto wake. Halafu akanywa maji, akamrudishia kopo, akamwambia: nenda nyumbani, pita kwa nyuma.

Hakuitwa siku ile. Hakuandikishwa mpaka anakufa.

"Nami nikapita kwa nyuma kama alivyoniambia," Ozella akasema. "Nitapita hivyohivyo mpaka yule atoke. Akitoka, nitapita mbele."

"Na asipotoka?"

"Tutaona nani atachoka kusimama."

Tulikuwa vijana. Nilicheka.

Kodi ya nyumba, hati ya shamba, stika ya gari kila mwaka, vyote alivifuata kwa mlango wa ubavuni. Nilipokuwa naye nilipita ubavuni. Nilipokuwa peke yangu pia. Tulilea watoto, wakaondoka kwenda Memphis na Chicago, wakatuletea wajukuu na mbegu za nyasi. Askari alikuwa palepale. Ozella naye.

Ndipo ukaja mwaka ule nchi nzima ilipoingia barabarani kudai haki ya watu weusi, na kila mji ukaanza kugombania masanamu yake. Wetu nao. Gazeti la hapa lilijaa barua. Huyu anasema ni historia yetu, msitufutie. Yule anauliza historia ya nani. Kinyozi alibandika karatasi ukutani kwamba humu askari hajadiliwi, na kuanzia siku hiyo hakikujadiliwa kingine.

Hata sisi kwa sisi hatukuwa na neno moja. Shemasi Lemuel alikuja barazani kwetu jioni moja, akakaa, akakubali chai ya barafu.

"Dada Ozella, jiwe halimng'ati mtu. Mtaa wetu mtaro unafurika kila mvua. Tuwaombe mtaro."

"Omba mtaro, Lemuel. Nani kakuzuia?"

"Ukiwaomba mawili wanakupa sifuri."

"Mimi sijawaomba kitu tangu nina meno ya utoto. Nina akiba."

"Mimi nakuonea huruma tu. Moyo wako huo."

"Moyo wangu hauna shida na wewe wala mtaro wako. Kunywa chai."

Lakini juu ya moyo Lemuel alisema kweli. Daktari alikuwa amemwambia Ozella moyo wake umechoka. Asipande ngazi bila sababu, na asikasirike. Hilo la kutokasirika alilirudia njia nzima kutoka kliniki, akicheka mpaka akapaliwa. Kisha akaniambia nipitishe gari mahakamani. Nikasimamisha. Alimtazama askari kupitia dirisha.

"Mmoja wetu atatangulia kuondoka, Hosie. Sitaki niwe mimi."

Safari hii sikucheka.

Madiwani watano wa kaunti wakatangaza mkutano wa hadhara, jioni, ukumbi wa juu mahakamani. Anayetaka kusema ajiandikishe, atapewa dakika tatu. Ozella alijiandikisha kwa simu. Siku ilipofika akavaa gauni la bluu la kwaya na viatu visivyombana. Tukazunguka ubavuni kama kawaida. Mlango umefungwa.

Mlinzi akaja kutoka kwenye kona.

"Mama, ikishapita saa kumi na moja ni mlango wa mbele tu. Ndio utaratibu."

"Nifungulie huu, baba."

"Sina ufunguo wake, mama. Kweli tena."

Hakuna aliyemfanyia ubaya. Waliitisha mkutano wa kujadili njia ya mbele, na hakuna aliyewaza kwamba kuna mtu haipiti. Tukabaki pale kwenye mapipa. Kutoka ubavuni tuliona ncha ya bunduki ya askari wa jiwe tu, imetokeza kwenye pembe ya ukuta.

"Ni hatua chache, mama," nikamwambia. "Fumba macho nikushike mkono."

Akaniangalia.

"Baba yangu hakufumba."



Juu madirisha yalikuwa wazi kwa sababu mashine ya ubaridi ilikuwa imekufa. Tulisikia kila kitu. Tulimsikia Bi Adair Whitcomb. Huyu alikuwa mkubwa wa chama cha akina mama wa kizungu wanaotunza maua chini ya askari. Ni rika moja na Ozella, na mashuka ya kwao yalifuliwa na mama yake Ozella. Alisema babu wa babu yake alikwenda vitani na hakurudi hata mfupa. Hana kaburi popote. Bibi yake alikuwa akimleta pale chini ya askari na maua, kama watu wengine wanavyokwenda makaburini. "Mkimng'oa," alisema, "mnanifukulia mtu wangu." Sauti ikamkatika.

Ozella alisikiliza mpaka mwisho, kiganja ukutani.

"Hajasema uongo," akasema.

Kisha mwenyekiti wa madiwani, Dewitt Purvis, akaita: "Ozella Tatum."

"Nipo!"

Viti vikakwaruza, vichwa vikatokeza madirishani. Kichwa cha Dewitt kilikuwa katikati, chekundu kwa joto.

"Bi Ozella, unafanya nini huko chini?"

"Nangoja mlango, Dewitt."

"Mlango wa mbele uko wazi!"

"Najua uko wazi. Na wewe unajua siupiti."

"Lakini lazima mtu asemee kwenye kipaza sauti."

"Kitupe."

Ukumbi ukacheka. Mtu wa nyuma akapaza sauti: "Mteremshieni kwa kamba!" Mwingine: "Mpandisheni yeye kwa kamba!" Dewitt akagonga nyundo yake.

"Bi Ozella, nakuheshimu sana. Ila siwezi kuvunja utaratibu. Kama hupandi, itabidi niliruke jina lako."

Ozella akaegemea ukuta. Aliniambia mimi tu, kwa sauti ya chini:

"Unaona, Hosie. Baba alisimama akangoja jina lake, halikuitwa. Langu limeitwa, na bado niko nje."

Nilimshika kiwiko.

Ndipo tuliposikia kitasa. Mlango wa ubavuni ukafunguka, na Bi Adair amesimama pale na fimbo yake, ufunguo unaning'inia kwenye utepe. Nyuma yake kuna kabati ambamo chama chao huweka ndoo na mipira ya kumwagilia maua ya askari. Ndiyo sababu ufunguo anao yeye. Alikuwa ameshuka ngazi zile zote peke yake.

"Ingia, Bi Tatum, kabla sijabadili mawazo."

Wazungu wa rika lake hawakutuita hivyo. Sisi tuliwaita Bi na Bwana, wao walituita majina matupu. Maisha yote yule alimwita Ozella tu.

"Adair," Ozella akasema, naye bila Bi, "unajua nitakachosema huko juu."

"Najua. Yangu nimeshasema. Ila sitaki kushinda kwa sababu ya kitasa."

Wakapanda pamoja, kila mmoja na reli yake, wanahema kama treni mbili za mizigo. Mimi nyuma yao, naomba wasinidondokee.

Dakika tatu hakuzimaliza. Alisimulia habari ya baba yake kama nilivyoisimulia hapa, bila kuongeza. Hata waliokuwa wanajipepea waliacha. Mwisho akasema:

"Sisemi avunjwe. Bi Adair ana mtu wake pale, nimemsikia. Mpelekeni makaburini, kwa wenzake. Kule mtu huenda kwa hiari yake. Hapa mlangoni kila mtu lazima apite. Mimi nataka kuupita mlango ule kabla sijafa, basi. Dewitt, funga mdomo, nzi wataingia."

Walipiga kura. Watatu walitaka ahame, wawili abaki. Dewitt alikuwa katika wale watatu. Baadaye alisema ilikuwa kwa ajili ya haki. Ozella alisema ilikuwa kwa ajili ya mikate.

Tukadhani yamekwisha. Kumbe. Watu wa mbali, ambao hawajawahi kula hata kambare mmoja wa hapa, wakafungua kesi kumzuia askari asihame. Ikaja rufaa. Majani yakapukutika, yakarudi, yakapukutika tena, na askari yupo. Ozella akaanza kupumzika kati ya jiko na meza. Kisha kati ya kitanda na mlango. Uwanja aliufagia hivyohivyo, ila sasa kwa vipande, na kiti kikimfuata. Kiti nilikuwa nakisogeza mimi, kwa kupitia pembeni.

Stika ya gari ilikuwa imekaribia kwisha. Binti yetu Renita akapiga simu kutoka Memphis. "Mama, siku hizi unaagiza kwa kompyuta, inakuja nyumbani. Nikuagizie?"

"Usiniagizie."

"Mama, unahangaika kwa ajili ya stika?"

"Nani kasema nahangaikia stika? Msalimie mumeo. Mwambie nyasi zake zimenona, tunakula mayai."

Kila tukienda dukani alitaka tupitie mahakamani. Siku macho yakimsumbua aliniuliza mimi.

"Bado yupo?"

"Yupo."

"Nami nipo."

Ilikuwa Oktoba, pamba zimefunguka mashambani, Dewitt alipopiga simu kabla hatujanywa kahawa. "Bi Ozella, kreni iko njiani."

Tulimkuta Bi Adair ameshafika, amekaa kwenye kiti cha kukunja ukingoni mwa njia, nguo nyeusi, kofia ya mazishi. Ozella alikuwa na pai ya viazi vitamu. Aliioka siku madaktari walipomkataza kusimama jikoni, akaigandisha, akiingoja siku hii. Sisi mtu akifiwa humpelekei maneno, unampelekea chakula.

"Sina njaa," Bi Adair akasema.

"Hujaulizwa njaa. Shika. Na bakuli nalitaka, jina langu liko chini yake."

"Najua majina huandikwa chini, Ozella."

"Bi Tatum."

"Bi Tatum. Nipe uma."

Kreni ikamshusha askari taratibu. Alipolazwa kwenye lori, amefungwa mikanda, uso juu, niliona ni mfupi kuliko mimi. Wengine walipiga makofi, wengine walivua kofia. Lemuel alikuwa ameinama anachungulia mtaro wa mahakama. Akasema hata huu umeziba. Nguzo nayo wakaing'oa, wakaipakia. Lori likaondoka polepole kuelekea makaburini, na Bi Adair akalifuata kwa macho mpaka likakata kona. Pakabaki udongo mwekundu, kokoto, na alama za matairi na buti.

Nikamshika Ozella mkono. "Haya, mama. Njia nyeupe."

Akatikisa kichwa. Akarudi kwenye gari, akafungua buti lake la nyuma, akatoa ufagio wake. Sikujua kama ameupakia.

Msimamizi wa mafundi akaja mbio.

"Mama, usisumbuke! Kesho tunaleta nyasi. Hutaona hata alama."

"Nyasi kesho. Leo pangu."

"Lakini pachafu, mama."

"Pangekuwa pasafi ningefagia nini, mwanangu? Hebu sogeza buti zako."

Akasogea.

Akaanzia ukingo wa barabara. Akageuka, mgongo umeelekea mlangoni, akaanza kurudi kinyumenyume, kama nyumbani. Alama za matairi zikafutika, za buti zikafutika, na zake mwenyewe zikafutika. Alisimama mara nyingi kuvuta pumzi. Kila aliposimama niliinua mguu.

"Bakia hapohapo, Hosie."

Watu wakapunguza sauti. Wengine walikuwa hawaelewi anafanya nini, lakini akina mama wetu wa umri wake walielewa, na mmoja akaanza kuimba kwa pua. Ozella alifika pale nguzo ilipokuwa, pale baba yake aliposimama. Hapo alifagia polepole zaidi. Kokoto aliziinamia akaziokota kwa mkono, akazitia mfukoni mwa aproni. Halafu akaendelea kurudi, mpaka kisigino kikagusa ngazi. Akapanda akishika reli. Akausimamisha ufagio ukutani, fito juu. Akapangusa viatu kwenye zulia la mlangoni, akausukuma mlango kwa mgongo, akaingia.

Yaliyotokea ndani nilikuja kuyasikia msibani, kutoka kwa karani, binti anayekaa dirisha la stika za magari. Alisema mama aliingia, akashika kaunta, akahema kwanza. Kisha akaomba stika. Binti akamuuliza jina.

"Ozella Lyle Tatum. Binti wa Ezra Lyle."

"La baba halihitajiki, mama."

"Liite hivyohivyo."

Binti alisema hakuelewa, ila aliona uso wa mama akaona asibishane. Akaita: "Ezra Lyle."

"Yupo," Ozella akasema.

Mimi siku ile sikuyajua hayo. Nilikuwa nimesimama ng'ambo, ukingoni mwa barabara, na uwanja uliofagiwa uko kati yetu, kama asubuhi yoyote. Bi Adair alikuwa ameacha kula, uma uko hewani. Mlango ukafunguka. Ozella akatokea juu ya ngazi, stika mkononi, anapumua kwa mdomo, kitambaa cha kichwa kimeenda upande. Alitazama chini, kwenye mistari ya ufagio wake. Hapakuwa na unyayo hata mmoja. Nikaona anahitaji mkono wangu kushuka. Nikaanza kuzunguka kwa pembeni, kufuata ukuta, kama nilivyozoea.

"Hosie! Unakwenda wapi?"

"Napita huku. Si umefagia?"

Akanitazama. Halafu akaninyooshea mkono juu ya udongo ule mwekundu, akasema:

"Kanyaga, mzee wangu. Leo kanyaga unavyotaka."